Leza ya bei nafuu ya kulinganisha vioo vya darubini: usahihi wake ulipopimwa Kigoma

Leza ninayoihakiki hapa ni ile ndogo yenye mwili wa alumini mweusi na shina la inchi 1.25, ambayo hutumbukizwa kwenye mdomo wa fokasi (kishikio cha lenzi ya jicho kinachosogezwa ili picha iwe kali) wa darubini ya vioo, mahali pa lenzi ya jicho, ikatoa mwale mwekundu wa nanomita 650 na kumwonyesha mtumiaji kama vioo viwili vya darubini yake vinatazamana inavyopasa. Inauzwa na wauzaji wengi wa mtandaoni kwa majina tofauti tofauti, umbo likiwa lile lile, na yangu ilinigharimu shilingi 85,000 pamoja na nauli ya kifurushi kilichokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ndani ya kisanduku mlikuwa na betri ya CR2032, pete ya kuiwezesha kukaa kwenye fokasi ya inchi 2, na kijikaratasi kinachosema kwamba chombo kimekwisha kulinganishwa kiwandani na kwamba mnunuzi hana haja ya kukigusa. Uhakiki huu unahusu zaidi dai hilo la mwisho, kwa sababu chombo cha kupimia ambacho chenyewe hakijanyooka kina madhara kuliko kutokuwa nacho kabisa. Asiye nacho atabaki na shaka na vioo vyake na ataendelea kuvichunguza, lakini mwenye nacho ataona nukta nyekundu imekaa mahali pake, atatosheka, kisha atailaumu hewa ya ziwani kwa ukungu ambao umesababishwa na kioo kilichoelemea upande.

Darubini niliyoitumia ni ya mtindo wa Newton, yenye kioo kikuu cha kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi mahali picha inapojengeka, wa milimita 1200, ambao ukigawanywa kwa kipenyo hutoa uwiano wa f/6, juu ya kitako cha mbao cha mtindo uliosambazwa na John Dobson wa Marekani. Naitumia pamoja na wanafunzi wa sekondari. Inahifadhiwa mtaa wa Mwanga hapa mjini Kigoma, lakini kutazama nyota tunakwenda Bangwe au upande wa Ujiji, ambako taa za mji hazisumbui sana, na safari hiyo fupi nyuma ya pikapu inatosha kulegeza skrubu za kioo kikuu hata bomba likilazwa juu ya godoro. Mwenye darubini ya lenzi hasumbuki na jambo hili, kwa kuwa lenzi hufungwa kiwandani na haziguswi tena. Kwa darubini ya vioo, aina ambayo Isaac Newton aliitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1668, kulinganisha vioo ni sehemu ya maandalizi ya kila usiku wa kazi.

Kabla ya kusema kwamba leza ni sahihi au si sahihi, ni lazima tujue usahihi unaotakiwa ni wa kiasi gani, na juu ya hilo wauzaji hawasemi lolote. Kioo kikuu chenye umbo la parabola hutoa picha kali kabisa kwenye mhimili wake tu. Kadiri unavyoondoka kwenye mhimili huo, ndivyo nyota inavyoanza kuota mkia mdogo wa upande mmoja, kasoro inayoitwa koma. Kipenyo cha eneo ambalo koma bado ni ndogo mno kuonekana hukadiriwa kwa kuzidisha milimita 0.022 kwa uwiano wa fokasi uliopandishwa kwa kipeo cha tatu. Kwa darubini ya f/6 jawabu ni karibu milimita 4.8, kwa f/5 ni karibu milimita 2.8, na kwa f/4 ni milimita 1.4 tu. Maana yake ni kwamba mhimili wa kioo changu unaweza kupotoka hadi milimita 2.4 kutoka katikati ya fokasi bila picha kuharibika, ilhali mwenye f/4 hana zaidi ya milimita 0.7. Leza ile ile inaweza kumfaa wa kwanza na isimfae wa pili, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya wanunuzi kutofautiana sana wanapozisifu au kuzikashifu leza hizi bila kutaja darubini waliyo nayo.

Kosa la kwanza linalowezekana ni mwale kutokuwa sambamba na shina. Namna ya kuligundua ni ya zamani na haihitaji fedha: shina linalazwa kwenye mfereji wa umbo la V, leza inaelekezwa kwenye ukuta wa mbali, kisha inazungushwa taratibu bila kuhama. Mwale ulio sambamba na shina utaacha nukta ikitulia mahali pamoja. Mwale ulioelemea utachora duara, na nusu kipenyo cha duara hilo ndicho kiasi cha kosa kwa umbali ule. Katika kipimo hiki ni shina linalopaswa kulala kwenye mfereji, na mwili mnene wa leza ubaki ukining'inia, kwa kuwa kinachoingia kwenye fokasi ni shina na hakuna uhakika kwamba vitu hivyo viwili vilikerezwa kwa mhimili mmoja. Kwenye leza hii havikukerezwa hivyo: mwili ulipolazwa kwenye mfereji, duara lilikuwa dogo la kutia moyo, lakini lilipolazwa shina likawa kubwa zaidi ya mara mbili.

Mfereji wenyewe nilichongewa na seremala wa pale Mwanga. Aliniuliza, "Mwalimu, hiki ni cha kulazia nini?" na aliposikia kwamba ni cha kulazia taa itakayozungushwa pasipo kuyumba hata kidogo, aliweka kando kipande cha paini alichokuwa amekwisha kukipiga randa, akachukua mninga, akisema paini ingepinda mvua zikianza. Alichosema ni kweli, kwani mninga uliokauka vizuri hausinyai wala hauvimbi kwa kiasi cha kuharibu kazi ya namna hii. Shina la leza lina urefu wa sentimita 3 tu, hivyo uzito wa mwili huelekea kuliinua upande mmoja. Dawa yake ilikuwa mkanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, uliokazwa kiasi cha kulibana shina bila kulizuia kuzunguka, pamoja na msumari uliopigwa kandokando ya njia ya mwale ili shina lisiteleze mbele na nyuma. Adui mwingine ni vumbi, ambalo Kigoma ya kiangazi inalo kwa wingi. Chembe moja ya mchanga chini ya shina fupi kama hilo inatosha kupotosha kipimo chote, kwa hiyo shina na mfereji vinapaswa kufutwa kila leza inapoinuliwa na kulazwa upya.

Katika korido ya shule, kwa umbali wa mita 10 na karatasi ya grafu ikiwa imebandikwa ukutani, leza kama ilivyotoka kiwandani ilichora duara lenye kipenyo cha milimita 60. Nusu yake ni milimita 30, yaani mwale unapotoka milimita 3 kwa kila mita inayosafiri. Katika darubini hii njia ya mwanga kutoka fokasi hadi kioo kikuu ni takriban mita 1.2, kwa hiyo nukta inafika kwenye kioo ikiwa imekosea milimita 3.6. Dai la kijikaratasi kwamba chombo kimekwisha kulinganishwa, kwa leza hii niliyonunua, halikuwa la kweli.

Madhara ya kosa hilo yanategemea mno jinsi leza inavyotumiwa, na hapa ndipo maelekezo yaliyomo kisandukuni yanapomwacha mnunuzi gizani. Mtu akigeuza kwanza kioo kidogo, kile kinachokaa mkabala na fokasi na kuupeleka mwanga huko, mpaka nukta iangukie katikati ya kibandiko kinachoonyesha katikati ya kioo kikuu, kisha bila kuigusa leza akageuza kioo kikuu mpaka mwale urudi kwenye tundu ulikotokea, mhimili wa kioo kikuu utaishia karibu sana na katikati ya fokasi licha ya leza kuwa mbovu. Kinachobaki kuwa na kosa ni mwelekeo wa kioo kidogo, na kwa kutazama kwa macho kosa la milimita chache huko linavumilika. Lakini si wengi wanaofanya kazi kwa utaratibu huo wakiwa gizani. Kawaida mtu akifika uwandani hukiacha kioo kidogo kama kilivyo, kwa sababu kwa kweli hakihami sana, huchomeka leza na kwenda moja kwa moja kwenye skrubu za kioo kikuu. Hapo nukta ikiwa imeangukia milimita 3.6 nje ya katikati, mwale unaporudishwa tunduni kwa nguvu huacha mhimili umepotoka kwa nusu ya kiasi hicho, yaani milimita 1.8. Katika zile milimita 2.4 ambazo darubini ya f/6 inaruhusu, robo tatu imekwisha kuliwa na chombo chenyewe kabla macho na mikono ya mtumiaji haijaongeza kosa lake. Darubini ya f/5 yenye kioo cha kipenyo kile kile ingepata kosa la milimita 1.5 wakati kikomo chake ni 1.4, na ya f/4 ingepata milimita 1.2 wakati kikomo ni 0.7. Kwa wenye darubini hizo mbili, leza hii ikitumiwa kama ilivyotoka kisandukuni inaharibu inachodai kurekebisha.

Jambo jema ni kwamba inarekebishika. Pembeni mwa mwili kuna vidoa vitatu vya mpira laini vinavyoonekana kama pambo. Ukivichokoa kwa sindano utakuta chini ya kila kimoja skrubu ndogo inayozungushwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, na skrubu hizo tatu ndizo zinazoshikilia taa ya leza ndani. Kazi ni kuizungusha leza kwenye mfereji, kuweka alama kwenye karatasi ya ukutani mahali nukta inapofika juu kabisa, chini kabisa, kushoto na kulia, kisha kulegeza skrubu ya upande mmoja na kukaza ya upande mwingine mpaka nukta isogee kuelekea kitovu cha alama hizo, na kurudia. Inataka uvumilivu na mkono mwepesi, kwa maana skrubu ikikazwa kwa pupa taa ya ndani huweza kupasuka, na mtu aliyetarajia kurudisha bidhaa kwa muuzaji ajue kwamba akishavitoa vile vidoa hatapokewa. Baada ya marekebisho, duara kwa umbali ule ule wa mita 10 lilishuka hadi kipenyo cha milimita 4. Siamini kwamba inawezekana kusoma chini ya hapo, kwa sababu nukta yenyewe, ikifika ukutani, ina upana wa milimita 7 na si ya duara; ina urefu upande mmoja na ukungu mwekundu pembeni, na kitovu chake hukadiriwa tu. Hata hivyo, kosa la milimita 0.2 kwa mita ni robo tu ya milimita kwenye kioo kikuu, na kwa hilo sina malalamiko. Tone la rangi ya kucha juu ya kila skrubu lilizifunga zisilegee.

Marekebisho hayo yangetosha kama fokasi ingelishika shina vile vile kila mara, na haifanyi hivyo. Kipimo rasmi cha shina la inchi 1.25 ni milimita 31.75. Shina la leza hii nililipima kwa vernia likawa na milimita 31.6, na tundu la fokasi yangu limezidi kidogo kipimo rasmi, kiasi kwamba kuna nafasi ya milimita 0.2 kati yao. Nafasi hiyo inaonekana ndogo mpaka uigawanye kwa urefu wa shina wa sentimita 3, ndipo unapogundua kwamba leza inaweza kuinama zaidi ya milimita 6 kwa kila mita, mara mbili ya kosa la kiwandani. Fokasi yangu hubana kwa skrubu moja ya pembeni, na nilipokuwa nikiikaza huku mwanafunzi akitazama kioo kikuu, aliniambia nukta inatembea, nayo ilitembea takriban milimita 4 kabla ya kutulia. Mtu anayetumia leza iliyonyooka kwenye fokasi iliyolegea anarudi kule kule alikotoka. Fokasi yenye pete ya shaba ya kubana pande zote inapunguza sana tatizo hili. Asiye nayo anaweza kuzungushia selotepu nyembamba sehemu mbili za shina, karibu na juu na karibu na chini, tabaka sawa, mpaka liingie kwa kubana kidogo. Tena ailaze darubini ili mdomo wa fokasi uelekee juu, na akandamize bega la leza kwenye mdomo huo kwa kidole wakati wa kukaza skrubu. Kwa njia hiyo nukta yangu ilirudi ndani ya milimita moja ya mahali ilipokuwa, kila nilipoitoa leza na kuirudisha.

Kuna jambo ambalo leza ya mwale mmoja haiwezi kulionyesha kabisa, hata ikiwa ya bei ghali: kama kioo kidogo kimekaa katikati ya fokasi na kama kimezungushwa sawasawa kwenye shina lake. Kioo kidogo kilichozungushwa kombo kinaweza kuinamishwa upande mwingine mpaka nukta ikaangukia katikati ya kibandiko na mwale ukarudi tunduni, na kila kitu kikaonekana shwari, ilhali sehemu ya mwanga wa kioo kikuu inapotea pembeni. Hilo huangaliwa kwa jicho, kupitia kifuniko chenye tundu dogo katikati, na linapaswa kufanyika kabla leza haijawashwa. Vilevile kibandiko cha katikati ya kioo kikuu kihakikiwe kwa duara la karatasi lililokatwa kwa kipenyo cha kioo, kwa kuwa kila kinachofuata hukitegemea.

Njia iliyonifanya niithamini leza hii kuliko nilivyotarajia ni ile iliyobuniwa na Nils Olof Carlin wa Uswidi, ya kuichomeka leza ndani ya lenzi ya Barlow, ile ambayo kwa kawaida huwekwa chini ya lenzi ya jicho ili kuongeza ukuzaji, badala ya kuichomeka moja kwa moja kwenye fokasi. Lenzi ya Barlow hutawanya mwale, hivyo mahali pa nukta moja kioo kikuu hupokea mwanga uliosambaa unaokifunika kibandiko chote cha katikati na eneo linalokizunguka. Mwanga huo unaporudi huleta kivuli cha kibandiko, nacho huangukia kwenye karatasi nyeupe yenye tundu katikati ambayo mtumiaji ameibandika kwenye ncha ya Barlow. Kivuli kikilizunguka tundu kwa usawa, kioo kikuu kimelingana. Uzuri wa njia hii ni kwamba haijali sana leza imeinama kiasi gani. Leza ikiinama, mwanga uliosambaa huhama kidogo, lakini kibandiko bado kimo ndani ya mwanga na kivuli chake hurudi pale pale. Nililijaribu hilo kabla sijagusa zile skrubu tatu. Leza ikiwa peke yake kwenye fokasi, kuizungusha kulifanya nukta ichore duara la milimita 7 kwenye kioo kikuu. Leza ile ile ikiwa ndani ya Barlow, niliizungusha kwa namna hiyo hiyo huku mwanafunzi akikitazama kivuli kutoka mdomo wa bomba, kichwa chake kikiwa kando ya njia ya mwanga, na jibu lake kila nilipouliza lilikuwa, "Hakijasogea, Mwalimu." Zaidi ya hayo, mhimili ukipotoka milimita moja, kivuli husogea milimita mbili, kwa hiyo kosa huonekana likiwa limekuzwa maradufu.

Kasoro ya njia hiyo ni kwamba inahitaji watu wawili kwenye darubini ndefu, mmoja wa kutazama kivuli na mwingine wa kuzungusha skrubu za nyuma, na kwamba mwanga uliotawanyika ni hafifu, hauonekani vizuri mchana. Jioni, jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, unaonekana bila shida. Lenzi ya Barlow si lazima iwe nzuri, hata ile ya plastiki inayokuja na darubini za watoto inaifanya kazi hii.

Kipimo cha mwisho, kisichotegemea leza yoyote, ni nyota. Maelekezo mengi yaliyoandikwa na watu wa nchi za kaskazini humwambia msomaji atumie Polaris, kwa kuwa haihami angani. Kutoka Kigoma, iliyo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, Polaris iko chini ya upeo wa macho usiku wote na mwaka wote, kwa hiyo ushauri huo hautufai. Nilichagua Spica, ambayo kwetu hupita karibu na utosini, ambako hewa tunayotazama kupitia kwake ni nyembamba kuliko upande wa ziwani. Kwa lenzi ya jicho ya milimita 10 pamoja na Barlow ya mara mbili, darubini hukuza mara 240, na nyota hulikata eneo lote la kuonea kwa muda usiofika dakika moja. Ni lazima irudishwe katikati tena na tena, kwa kuwa nyota iliyo pembeni itaonyesha koma hata vioo vikiwa vimelingana kikamilifu. Fokasi ikisogezwa kidogo, nyota hufunguka na kuwa miviringo ya mwanga, mmoja ndani ya mwingine. Vioo vilipolinganishwa kwa leza ambayo haijarekebishwa, kwa ule utaratibu wa haraka wa uwandani, miviringo ilielemea upande mmoja, si kwa kiasi ambacho mgeni angekigundua, lakini ilielemea. Baada ya leza kurekebishwa, nilipata shida kuona tofauti kati ya pande. Kwa njia ya Barlow miviringo ilikaa kitovu kimoja, na Acrux, ile nyota kuu ya Msalaba wa Kusini ambayo ni nyota mbili zilizoachana kwa takriban sekunde 4 za tao, iligawanyika ikawa nukta mbili zenye weusi safi katikati yake.

Jaribio hili la nyota halihitaji giza, na kwa wenzangu wa mwambao huu hilo lina faida yake. Usiku wa mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wamepumzika na mitumbwi imevutwa nchi kavu pale Kibirizi, ndio wakati wa kupima leza, kukaza skrubu na kutazama miviringo ya Spica kwa utulivu. Usiku wa giza, taa za wavuvi zikiwa zimetapakaa ziwani, uachwe kwa ajili ya makundi ya nyota na mawingu ya gesi ambayo hayaonekani mwezi ukiwepo.

Kuhusu mengine nitasema kwa ufupi. Swichi ya kuwashia ni ya kuzungusha na ina ngazi kadhaa za mwangaza, na ngazi ya chini kabisa ndiyo inayofaa, kwa sababu nukta yake ni ndogo na kitovu chake husomeka. Swichi hiyo ni nyepesi mno na leza huweza kujiwasha ndani ya begi, hivyo betri ni vyema itolewe baada ya kazi. Betri yenyewe hupatikana kwa mafundi saa sokoni Mwanga. Uso wa shabaha uliokatwa kwa nyuzi 45, ambapo mwale unaorudi huonekana, umepakwa vizuri, mistari yake inaonekana, na huuona ukiwa umesimama nyuma ya darubini, jambo ambalo vyombo vingine vya bei hii havina. Lebo inasema nguvu ni chini ya miliwati 5, ambayo ni zaidi ya ile miliwati 1 inayochukuliwa kuwa kikomo cha leza ambazo kupepesa jicho kunatosha kama kinga. Kwa hiyo mwanafunzi yeyote asiruhusiwe kuchungulia mdomo wa bomba wakati mwale mtupu, usiopitia Barlow, umewashwa, na leza iwashwe baada ya kuchomekwa, izimwe kabla ya kutolewa. Kwa upande wa uimara, nilirudia kipimo cha korido baada ya safari za Bangwe na Ujiji, na duara halikuwa limekua.

Mwenye darubini ya f/6 au ndefu zaidi, aliye na lenzi yoyote ya Barlow na aliye tayari kuchongesha mfereji wa mbao na kutumia jioni moja kurekebisha leza, ananunua chombo kizuri kwa shilingi 85,000, nami ningekinunua tena. Asiyetaka kugusa skrubu hata moja namshauri achukue kifaa cha Cheshire, bomba dogo la kuvikagua vioo kwa jicho, ambacho hakina betri wala mwale wa kuelemea, ingawa gizani kitamtaka awe na tochi. Mwenye f/5 aitumie ndani ya Barlow tu kwa kioo kikuu, na asiamini mwale mtupu mpaka awe ameupima mwenyewe. Kwa f/4 siipendekezi kama chombo pekee. Hapo uchezaji wa shina ndani ya fokasi unatosha kuvuka kikomo hata leza ikiwa imenyooka, na fedha ya kwanza ingepaswa kwenda kwenye fokasi yenye pete ya kubana, leza ikafuata.